Kamba Ghali na Mali Isiyo na Daftari

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari nchini Ujerumani, nilizoea kupita kila jioni mbele ya duka moja lililouza samaki wa mapambo. Siku moja nilisimama dirishani, na katika tangi la kioo lisilozidi ukubwa wa debe nikaona viumbe wekundu, wenye madoa meupe, wakitembea juu ya mawe. Miguu yao ya mbele ilikuwa myeupe, nao waliichezesha upesi upesi kama kuku anayedonoa punje. Hawakuwa samaki, bali kamba, na hapana hata mmoja aliyezidi urefu wa sentimita 2 na nusu. Niliposoma kibao cha bei nilitambua kwamba kamba watano wa namna hiyo wangenigharimu fedha za chakula changu cha juma zima.

Mimi nimezaliwa katika nchi ambayo kamba huuzwa kwa kilo, akaliwa kwa wali wa nazi. Basi nilijiuliza swali ambalo leo napenda kulileta mbele ya walimu na wanafunzi wetu: Je, bei ya kiumbe inatwambia nini juu ya thamani yake? Jibu langu, baada ya miaka mingi ya kulitafakari, ni kwamba bei inatwambia machache sana, tena mara nyingine inatupoteza. Nitaeleza kwa nini naamini hivyo, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tunaoishi kando ya maziwa makuu ya Afrika.

Kamba wa ziwa moja tu

Kamba niliyemwona dirishani huitwa kwa jina la kisayansi Caridina dennerli. Asili yake ni Ziwa Matano katika kisiwa cha Sulawesi, nchini Indonesia, wala hapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Ziwa hilo ni la kale, na kina chake cha mita 590 hivi kinaliweka miongoni mwa maziwa yenye kina kirefu kabisa. Maji yake hutiririka kwenda Ziwa Mahalona, na kutoka huko kwenda Ziwa Towuti, kisha baharini. Ijapokuwa maziwa hayo yameungana kwa mito, kamba wa ziwa moja aghalabu si wale wa ziwa la pili. Spishi hii ilielezwa rasmi kisayansi mwaka 2009, ikapewa jina la kampuni ya Ujerumani inayouza vifaa vya matangi ya samaki, kwa kuwa kampuni hiyo ilichangia gharama za safari ya utafiti.

Kwa nini kamba huyu awe wa ziwa moja tu? Hapa pana somo zuri la biolojia. Kamba wa maji baridi wamegawanyika katika mikondo miwili ya uzazi. Wako wanaobeba mayai madogo mengi, zaidi ya elfu moja kwa mama mmoja. Mayai hayo huangua viluwiluwi ambao huchukuliwa na mkondo wa mto hadi kwenye maji ya chumvi, wakakua huko, kisha wakapanda tena mtoni. Mfano wake ni Caridina multidentata wa Japani, ambaye mpiga picha Takashi Amano (1954–2015) alimpatia sifa kwa sababu ya kula miani katika matangi. Kamba wa namna hiyo huenea mbali, maana bahari huwachanganya watoto wa mto huu na wa mto ule.

Wako pia wanaobeba mayai makubwa machache, na mtoto anapoangua tayari ana umbo la mzazi wake. Huyu hana safari ya baharini. Huzaliwa, hukua na kufa karibu na jiwe lile lile. Kwa maelfu ya vizazi, jamii za namna hii hutengana na jamaa zao, zikafuata njia zao wenyewe za mageuko, mwisho zikawa spishi mbalimbali. Kamba wa Matano ni wa kundi hili. Ndiyo kusema, jambo lile lile lililomfanya awe adimu ndilo linalomfanya awe dhaifu: hana pa kukimbilia, na watoto wake ni wachache. Mwanafunzi akilishika jambo hili moja, atakuwa ameelewa kwa nini maziwa ya kale ni hazina, na kwa nini hazina hiyo huharibika upesi.

Uzuri unaotengenezwa

Lakini si kila kamba ghali ametoka ziwani akiwa adimu. Wako ambao uadimu wao umetengenezwa na mkono wa mwanadamu. Katika miaka ya 1990 mfugaji mmoja wa Japani, Hisayasu Suzuki, aliona miongoni mwa kamba wake wenye milia myeusi na myeupe kamba ambaye mahali pa weusi palikuwa na wekundu. Alimzalisha kwa subira, kizazi baada ya kizazi, akapata ukoo mpya wa kamba wekundu na weupe ambao umeenea dunia nzima.

Wekundu huo ni sifa fiche. Kamba mwekundu safi akizaa na mweusi safi, watoto wote huwa weusi. Watoto hao wakizaana wao kwa wao, robo ya wajukuu hutokea kuwa wekundu. Kama wajukuu ni 80, tutazamie kuwa 60 watakuwa weusi na 20 wekundu, kwa kukadiria. Mwalimu anayefundisha sheria za Mendel kwa mifano ya njegere anaweza kuutumia mfano huu pia, na nadhani wanafunzi watausikiliza kwa makini zaidi.

Kisha wafugaji walianza kuwapanga kamba hao kwa madaraja, kuanzia C, B na A hadi S, SS na SSS, kwa kufuata wingi na unene wa rangi nyeupe. Tofauti ya bei kati ya daraja la chini na la juu ni kubwa mno, hali kamba wote ni wa spishi moja, wanakula chakula kimoja na kufanya kazi moja majini. Ili rangi ikae imara, wafugaji huwazalisha ndugu kwa ndugu. Matokeo yake tunayajua kutokana na ng'ombe, mbwa na mahindi: sifa fiche zenye madhara hukutana, wanyama wakadhoofika, wakafa kwa mabadiliko madogo ya maji. Hivyo, katika soko hilo, yaweza kutokea kwamba kamba aliye ghali zaidi ndiye asiyeweza kuishi hata mwezi mmoja katika kijito alikotoka babu yake.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli kwa embe na kwa kitambaa. Kwa viumbe hai sina hakika nayo. Aina mpya ya rangi hutokea, ikauzwa kwa bei ya kushangaza kwa kuwa mwenye nayo ni mmoja. Baada ya miaka michache wafugaji mia wanayo, na bei imeshuka. Kamba hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya watu walio naye. Basi bei hiyo ilikuwa kipimo cha tamaa na cha uhaba wa muda, wala haikuwa kipimo cha kamba.

Hoja ya wafugaji

Haki inanitaka nieleze upande wa pili. Wapenzi wa kamba hudai kwamba wao ni wahifadhi. Wanasema: Tazameni Ziwa Matano. Wataalamu waliomtafuta Caridina dennerli ziwani mwaka 2013 hawakumwona, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) limemweka katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa, huku likieleza kwamba huenda ametoweka kabisa ziwani. Bali katika matangi ya Ulaya, Asia na Marekani bado anazaliana. Kama si sisi, wanauliza, angekuwa wapi leo?

Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Wafugaji hao wamegundua kwa mikono yao mambo ambayo hatukuyajua vyuoni: joto lipi linamfaa, maji ya namna gani, kamba anakula nini anapokuwa mchanga. Mengi kati ya tunayoyajua juu ya uzazi wa kamba hawa yametoka kwa watu wasio na shahada yoyote ya sayansi, walioketi mbele ya vioo vyao usiku na daftari mkononi. Mwanasayansi asiyekubali kujifunza kwao anajinyima mwenyewe.

Hata hivyo hoja yao haijakamilika, kwa sababu tatu.

Kwanza, hebu tuulize ni nani aliyemdhuru kamba huyo ziwani. Ziwa Matano lina taabu nyingi, na wilaya inayolizunguka ina machimbo makubwa ya nikeli. Lakini ripoti ya kisayansi ya mwaka 2012 ilionyesha pia kwamba ziwa limevamiwa na samaki mwenye nundu kichwani, ambaye ni chotara wa samaki wa Amerika aliyetengenezwa na wafugaji wa Asia ya Kusini-Mashariki kwa ajili ya mapambo. Samaki huyo hakufika Matano kwa miguu yake. Mapenzi yale yale ya matangi ya kioo yaliyomtunza kamba Ulaya ndiyo yaliyomletea adui nyumbani kwake.

Pili, tangi si ziwa. Mfugaji huchagua kamba mwekundu zaidi, mwenye madoa safi zaidi, anayestahimili maji ya bomba. Kila anapochagua anambadilisha. Baada ya vizazi ishirini au thelathini, yule aliye tangini ana jina la babu yake, lakini hana tena silaha zote za babu yake. Isitoshe, huenda mababu waliotolewa ziwani walikuwa wachache, wakabeba sehemu ndogo tu ya urithi wa jamii nzima.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, kamba wengi wa soko hawana historia iliyoandikwa. Alichukuliwa upande upi wa ziwa, mwaka gani, katika kina gani? Alichanganywa na nani? Mwuzaji wa tatu hajui, na wa pili hakumwambia. Wahenga wetu waliliweka jambo hili katika methali moja ninayoipenda kuliko zote: mali bila daftari hupotea bila habari. Kamba asiye na daftari aweza kuwa pambo zuri, lakini hawezi kuwa mbegu ya kurudishia ziwa uhai wake.

Funzo la chura wa Kihansi

Wako watakaosema kwamba nadai yasiyowezekana. Nawakumbusha mfano ulio nyumbani. Chura mdogo wa Kihansi aliishi katika eneo dogo sana la korongo la Mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa, mahali palipolowa daima kwa manyunyu ya maporomoko. Mradi wa umeme ulipopunguza maji ya maporomoko hayo, makao yake yalikauka. Ugonjwa wa kuvu nao ukaja ukamwongezea taabu. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2009 IUCN ilitangaza kwamba chura huyo ametoweka porini. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudishwa Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa tena korongoni, ambako mitambo ya kunyunyiza maji ilikuwa imejengwa kwa ajili yao.

Kazi hiyo haijakwisha, wala sisemi kwamba imefaulu bila doa. Lakini tazama tofauti iliyopo kati ya chura yule na kamba wetu wa dirishani. Chura aliondoka na daftari: idadi yake na mahali alipotoka. Wenye nchi walijua yuko wapi. Na wakati anatunzwa ng'ambo, kulikuwa na watu waliokuwa wakitengeneza makao yake ya kurudia. Kufuga peke yake hakukumwokoa. Kilichompa nafasi ya kurudi ni kufuga kulikoambatana na kumbukumbu na kulinda makao.

Ziwa letu

Sasa tugeukie Ziwa Tanganyika, ambalo Tanzania inalimiliki pamoja na Burundi, Kongo na Zambia. Kina chake kinafika mita 1,470 hivi, na umri wake ni mamilioni ya miaka. Wapenzi wa samaki wa mapambo wamekwisha kulijua tangu zamani. Samaki wake wa rangi mbalimbali wamesafirishwa ng'ambo kwa miongo mingi. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba ziwa hilo lina kamba wake pia, zaidi ya spishi kumi, ambao hawapatikani penginepo? Ni wadogo, wengi wao waangavu kama kioo. Wako wanaoishi miambani, na wako wanaoelea katika maji ya wazi. Hao wa maji ya wazi ni chakula kikubwa cha migebuka, hasa upande wa kusini wa ziwa. Mgebuka akifika mezani Kigoma au Mpulungu, ndani yake amebeba kamba ambaye hana jina katika midomo ya watu wengi.

Hapa ndipo tunapoona jinsi bei inavyotupoteza. Sokoni kamba huyo mwangavu hana bei yoyote, kwa kuwa hana rangi ya kupamba sebule. Katika hesabu ya ziwa ana thamani kubwa, maana analisha samaki wanaolisha watu. Kamba mwekundu wa daraja la SSS ana bei kubwa, naye halishi mtu wala samaki. Mwanafunzi wa sayansi hana budi kuzijua hesabu hizi mbili na kutozichanganya.

Na iwapo kesho atapatikana Tanganyika kamba mwenye rangi ya kupendeza, tutafanya nini? Rai yangu ni hii. Kiumbe yeyote wa ziwa moja tu asiruhusiwe kusafirishwa akiwa hai kwa biashara mpaka mambo matatu yametimizwa: iwepo sampuli yake katika makumbusho au chuo cha nchi yetu; iandikwe mahali, kina na tarehe aliyochukuliwa; na liwepo kundi la kuzalishia hapa hapa nchini, mikononi mwa watu wetu wenyewe. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, imekubali msingi kwamba nchi yenye viumbe ina haki ya kugawiwa faida itokanayo na urithi wao. Lakini haki hiyo humfaa yule anayejua alicho nacho. Asiyeandika hawezi kudai.

Kazi ya darasani

Huenda mwalimu akauliza: Mimi na chupa zangu mbili za maabara nifanye nini? Afanye mengi. Shule iliyo karibu na Ziwa Viktoria inaweza kuwapata Caridina nilotica, kamba wadogo wa huko, kwa wavu wa kitambaa. Chombo cha kioo chenye maji ya ziwa, mchanga na majani ya majini kinatosha. Chombo kisioshwe kwa sabuni, wala maji yasipitie chombo cha shaba. Damu ya kamba hutumia shaba kuchukua oksijeni kama vile yetu itumiavyo chuma, lakini shaba iliyoyeyuka majini humwua kwa kiasi kidogo sana. Wanafunzi watazame jinsi kamba anavyojivua gamba, wahesabu siku tangu mayai yanapoonekana chini ya tumbo hadi yanapoangua, wapime joto asubuhi na jioni. Kila siku waandike tarehe, mahali, idadi na walichokiona.

Na somo likisha, kamba wasimwagwe katika mto au bwawa jingine kwa kisingizio cha huruma. Wakumbuke Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako kamba-kamba mwekundu wa Marekani alipandikizwa mwaka 1970, na baadaye mimea ya majini ikapungua mno. Nchini Ujerumani kwenyewe kuna kijito kinachopashwa moto na maji ya kituo cha umeme, nacho leo kina kamba wa Asia wanaozaliana. Watafiti wanaamini kwamba walitoka katika matangi ya watu.

Jioni ile dirishani sikununua kamba. Niliingia nikamwuliza mwuza duka wametoka wapi. Alikuwa mtu mwungwana. Alifikiri kidogo, akanijibu kwamba wametoka kwa mfugaji fulani wa mji wa jirani. Nikauliza, na kabla ya hapo? Hakujua, na katika mji ule sikupata mtu aliyejua. Ningependa, ndugu msomaji, kwamba siku mgeni atakapotuuliza swali hilo juu ya kamba wa Tanganyika, kijana wa kidato cha tatu wa Kigoma afungue daftari lake na kumjibu.